Kengele Isiyobadilika

Wasikilizaji, aliyepata kusimama karibu na ngoma kubwa analijua jambo hili. Mkuu wa ngoma huacha mapigo yaliyozoeleka, huanza mengine mageni, huyavunja, huyageuza, hata mgeni akadhani mchezo umekwisha haribika. Kisha kwa ghafula wote huingia pamoja, wapigaji kwa wachezaji, wala hakuna aliyetangulia wala aliyechelewa. Walijuaje mahali pao? Zamani wako walioandika ya kwamba ngoma za Kiafrika ni kelele tu zisizo na kanuni. Kanuni ipo, nayo yaweza kuandikwa kwa tarakimu.

Tuwatazame Waewe, ambao nchi yao iko Ghana na Togo, magharibi ya Afrika. Ngoma yao iliyo kuu katika michezo mingi huitwa atsimevu. Ni ndefu sana, huegemezwa juu ya miti, naye mkuu huipiga akiwa amesimama. Pamoja nayo zimo ngoma ndogo, sogo, kidi na kaganu, na manyanga ya kibuyu. Lakini chombo tukitafutacho hapa ni kengele ya chuma yenye vinywa viwili, jina lake gankogui, ipigwayo kwa kijiti, mfano wa upatu wa pwani. Mwenye kengele hatazamiwi kuonyesha madaha yoyote. Mkuu aweza kucheza na mapigo apendavyo. Yeye hurudia yale yale tangu mwanzo hata mwisho, naye akipotea, mkuu mwenyewe hupotea pamoja naye.

Hebu tujaribu. Hesabu toka 1 hata 12 kwa mwendo mmoja, kisha urudi 1 bila kupumzika. Piga kofi kwenye 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Hayo ni makofi 7, nayo ndiyo kengele ya michezo mingi ya Waewe. Wakati huo huo miguu ya mchezaji hukanyaga kwenye 1, 4, 7 na 10. Basi kengele na mguu hukutana mara mbili tu, kwenye 1 na 10. Penginepo kila kimoja hushika njia yake. Tumewapa wanafunzi wa ualimu zoezi hili. Makofi peke yake huyashika upesi, na miguu vivyo hivyo, lakini vyote viwili pamoja huwatoa jasho.

Kwa nini wazee hawakuchagua mapigo yaliyo sawasawa, kama ya saa ya ukutani? Kwa sababu saa haikuambii ulipo. Pigo lake moja ni sawa na jingine, kama njia ipitayo katika miti iliyofanana yote. Kengele ya Waewe ina hatua ndefu na fupi: ndefu mbili, fupi moja, ndefu tatu, fupi moja. Aliyepotezwa na mkuu wa ngoma hana haja ya kuhesabu tangu mwanzo. Husikiliza kidogo tu, akisikia ndefu tatu zikifuatana hujua yuko wapi. Kwa maoni yetu hii ni akili kubwa, nayo haikuandikwa kitabuni na walioivumbua.

Aliyeiandika kwa bidii ni Padre A. M. Jones, Mwingereza aliyefundisha Mapanza, katika Northern Rhodesia, nchi ambayo tangu 1964 ni Zambia. Alibuni mashine yenye karatasi itembeayo, ambayo kila pigo liliacha alama juu yake, hata mabishano ya masikio yakakatwa na macho. Baadaye, huko London, alisaidiwa na Desmond Tay, mpiga ngoma hodari wa Kiewe, na mwaka 1959 kitabu chake kikubwa kilitoka katika mabuku mawili.

Kengele hii ilivuka bahari pamoja na watumwa. Huko Cuba na Brazil makofi yale 7 katika 12 husikika mpaka leo katika ibada zenye asili ya Afrika. Marekani mambo yalikuwa mengine. Baada ya maasi ya Stono ya mwaka 1739, sheria ya South Carolina ya 1740 iliwakataza watumwa kupiga ngoma. Muziki wa jazi ulipozaliwa, mpiga ngoma alipoachiwa uwanja peke yake, wenzake walinyamaza huku wakiuimba wimbo moyoni, mara nyingi wimbo wa hatua 32 zenye mapigo manne manne. Huenda wimbo huo wa kimya ndio ulioshika kazi ya kengele.

Wengine walitaka kitu kisikikacho. Mwaka 1959 Dave Brubeck na wenzake walitia katika santuri wimbo Take Five, uliotungwa na Paul Desmond, wenye mapigo 5 mahali pa 4 yaliyozoeleka. Ilipofika zamu ya Joe Morello, mpiga ngoma, Brubeck hakuondoa mikono yake katika piano, bali alikariri kipande kile kile kifupi. Morello aliacha nafasi kubwa kati ya mapigo yake, na katika nafasi hizo husikii ila piano na besi, zikienda tano, tano, tano.