Rabagliati na swingi iliyovaa Kiitaliano

Mwaka 1941, Italia ikiwa tayari vitani, shirika la redio la EIAR lilimpa mwimbaji mmoja kipindi chenye jina lake, Canta Rabagliati. Kila Jumatatu usiku Alberto Rabagliati, mtanashati wa Milano, aliimba mapenzi kwa mapigo ya swingi, jazi ya kuchezea dansi. Ajabu ni kwamba serikali ya Mussolini ilikuwa ikiupiga vita muziki wa Wamarekani weusi, na redio iliyokuwa chini ya mkono wake ndiyo iliyokuwa ikiurusha hewani.

Rabagliati alianza na sura, sauti ikafuata. Alizaliwa 1906. Rudolph Valentino, nyota wa filamu bubu, alipofariki mwaka 1926, kampuni ya Fox iliandaa shindano la kumtafuta atakayeziba pengo lake, na kijana huyu akashinda. Alikwenda Hollywood akaambulia nafasi ndogo katika Street Angel ya mwaka 1928. Umaarufu aliouendea hakuupata. Alichopata ni kumbukumbu alizoziandikia kitabu na masikio yaliyojaa jazi. Miaka ya 1930 aliimba na Lecuona Cuban Boys, bendi ya Wakuba iliyokuwa ikizunguka Ulaya, kisha akaingia redioni chini ya Pippo Barzizza, kiongozi wa Orchestra Cetra ya Torino, fundi wa kupanga saksofoni na tarumbeta kwa mtindo wa bendi kubwa za Marekani.

Waimbaji wa opera walizoea kutoa sauti ya kufika viti vya nyuma kabisa. Rabagliati alikuwa na maikrofoni, naye akaitumia kama mtu anayemnong'oneza aliye jirani yake. Lakini lugha ilikuwa na ukaidi wake. Maneno ya Kiitaliano, kama ya Kiswahili, karibu yote huishia na irabu, na mengi hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiitaliano hakina yale maneno mafupi ya Kiingereza yanayodunda yenyewe. Dawa ilikuwa kuyakatakata maneno yake. Sikiliza Ba-ba-baciami piccina ya mwaka 1940: kigugumizi kinaanzia kwenye jina la wimbo. Silabi inarudiwa, inachelewa kidogo nyuma ya ngoma, halafu neno linamalizika kana kwamba mwimbaji amelikumbuka ghafla. Mashairi yake si ya kutikisa dunia, mtu anaomba busu tu. Utamu uko kwenye ule ucheleweshaji. Mtindo huo ulimkaa kiasi kwamba Giovanni D'Anzi na Michele Galdieri walimtungia Quando canta Rabagliati, naye akauimba mwenyewe wimbo wa kujisifu, bila haya na kwa ucheshi mwingi. Watunzi haohao walimpa Mattinata fiorentina, wimbo mlaini wa majira ya machipuko mjini Firenze, ambao mkaguzi yeyote wa serikali angeupitisha akiwa amefumba macho.

Si wote walioachiwa. Natalino Otto, aliyewahi kupiga muziki kwenye meli za kwenda New York, aliimba swingi kavu kuliko ya Rabagliati, na EIAR ikamfungia mlango kwa madai kwamba muziki wake ulikuwa wa watu weusi. Santuri zake ziliendelea kununuliwa. Ukizisikiliza za wote wawili, unaona ubaguzi huo haukuwa na mantiki hata kwa kipimo chake chenyewe: mdundo ni uleule, ila mmoja aliupaka sukari. Hata majina yalisafishwa, St. Louis Blues ikageuzwa Le tristezze di San Luigi. Trio Lescano, madada watatu waliozaliwa Uholanzi ambao sauti zao zilitamba katika redio hiyohiyo, nao waliondolewa hewani mwaka 1943. Mama yao alikuwa Myahudi.

Mwaka 1944 EIAR ikawa RAI. Santuri za Wamarekani zikaingia waziwazi, na swingi ya Kiitaliano haikuwa tena na cha kuficha. Rabagliati alihamia zaidi jukwaani na kwenye filamu. Katika The Barefoot Contessa ya mwaka 1954, pamoja na Humphrey Bogart na Ava Gardner, aliigiza mwenye kilabu ya usiku. Alifariki Roma, Machi 1974, akiwa na umri wa miaka 67.