Mafuta ya mimea katika tabaini: Uchafu upunguao na usiopungua

TABAINI ya gesi ni mtambo unaovuta hewa, ukaishindilia, kisha ukaichanganya na mafuta na kuyawasha. Hewa hiyo moto hupanuka kwa nguvu na kuzungusha mapanga yaliyofungwa kwenye mhimili. Licha ya jina lake, si lazima mtambo huu uchome gesi; mingi hutumia dizeli au mafuta ya taa. Nchini Kenya, mitambo ya aina hii ya kampuni ya KenGen ilihamishwa kutoka Embakasi hadi Muhoroni mwaka 2016.

Njia moja ya kupunguza uchafu wake ni kuchanganya dizeli na biodizeli. Hii hupatikana kwa kutia methanoli na kichocheo katika mafuta ya mimea kama soya, mbarika au mbono kaburi, kisha kutenga glisarini. Mchanganyiko uitwao B20 una asilimia 20 ya biodizeli.

Faida ya kwanza ni kuwa biodizeli karibu haina salfa. Ya pili, takriban asilimia 11 ya uzito wake ni oksijeni, hivyo huungua vyema na masizi hupungua. Kuhusu kaboni dioksidi, bomba la moshi hutoa karibu kiasi kile kile. Nafuu hutokana na shamba, kwa kuwa mmea uliifyonza hewa hiyo ulipokuwa ukikua.

Oksidi za naitrojeni, hata hivyo, hutokana hasa na hewa yenyewe inapopata joto kali. Kwa hivyo, kubadili mafuta pekee si dhamana kwamba zitapungua. Muundo wa kichomeo na kiwango cha joto ndivyo huamua.

Aidha, kilo moja ya biodizeli ina kawi pungufu kuliko ya dizeli kwa takriban asilimia 12. Ni nzito zaidi, hivyo hunyunyizika kwa matone makubwa, na huganda upesi kwenye baridi. Mabaki ya sodiamu na potasiamu yasipoondolewa hula mapanga ya tabaini.

Injini za ndege pia ni tabaini, lakini kwa sababu ya baridi ya angani, mafuta ya mimea husafishwa kwanza kwa haidrojeni. Desemba 30, 2008, shirika la Air New Zealand lilifanya jaribio Auckland kwa ndege aina ya Boeing 747, injini moja ikitumia mchanganyiko wenye nusu ya mafuta ya mbono kaburi. Baadhi ya mbegu zilitoka Tanzania, Malawi na Msumbiji.

Sifa hizo ziliwavutia wakulima wengi wa Kenya. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2009 na taasisi za ICRAF na KEFRI pamoja na shirika la GTZ ulionyesha mavuno duni, ukashauri wakulima wadogo waupande mmea huo kama ua pekee. Mwaka 2022, kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni, na mafuta yakasafirishwa kusafishwa Gela, Italia.

Hivyo basi, hesabu ya uchafu haiishii kwenye bomba la moshi. Msitu ukifyekwa, au shamba la mahindi likigeuzwa la mbegu zisizolipa, nafuu inayodaiwa huliwa kabla mtambo haujawashwa.