Kitanzi (mitandao ya kompyuta)

Kitanzi ni nomino ya ngeli ya KI-VI; wingi wake ni vitanzi. Maana yake ya msingi ni duara la kamba linalokaza linapovutwa. Katika mitandao ya kompyuta, hutaja njia inayotoka kwenye swichi moja, ikapita nyingine na kurudi ilikoanzia.

Swichi huunganishwa kwa kebo zaidi ya moja ili moja ikikatika, nyingine ishike nafasi yake. Akiba hiyo ndiyo inayozaa kitanzi. Tofauti na pakiti ya IP, fremu ya Etherneti haina kihesabu kinachoikomesha baada ya kupita vituo kadhaa. Fremu inayotumwa kwa wote ikiingia katika kitanzi, huzunguka na kuzaliana hadi mtandao mzima ukwame. Hali hiyo huitwa dhoruba ya matangazo.

Kinga yake ni itifaki ya STP, iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 katika kampuni ya Digital Equipment Corporation na kuingizwa katika kiwango cha IEEE 802.1D mwaka 1990. Swichi hupashana habari kwa ujumbe mfupi, kwa kawaida kila baada ya sekunde 2. Yenye namba ndogo zaidi ya utambulisho huwa mzizi. Kila swichi nyingine huchagua njia ya gharama ndogo zaidi ya kuufikia mzizi huo, na milango ambayo ingekamilisha kitanzi huzuiwa. Umbo linalobaki ni la mti: kila tawi hufikika, wala hakuna matawi mawili yanayokutana tena.

Matumizi: Mlango wa namna hiyo *huzuiwa*, *hauzimwi* wala *haukatwi*. Haupitishi data za watumiaji, lakini huendelea kupokea ujumbe wa STP. Njia kuu ikikatika, hufunguliwa wenyewe, kwa kawaida baada ya sekunde 30 hadi 50 katika itifaki ya awali. Tafsiri isemayo “mlango umezimwa” yaweza kumfanya fundi achomoe kebo akidhani haina kazi, kumbe ameiondoa akiba. Kosa hilo hudhihirika siku njia kuu itakapokatika.

Mfano: Swichi imezuia mlango mmoja ili kuvunja kitanzi.

Tanbihi: Katika uandishi wa programu, kitanzi ni maagizo yanayorudiwa kwa makusudi, huko si hitilafu.