Uchumi wa Vita nchini Kongo (1996–2003)

Uchumi wa vita nchini Kongo ni mfumo wa kugharamia mapigano kwa madini, mbao na ushuru wa barabarani, ulioota mizizi katika mapinduzi yaliyomwondoa rais Mobutu Sese Seko. Muungano wa AFDL wa Laurent-Désiré Kabila, ukisaidiwa na Rwanda na Uganda, ulianza vita mashariki Oktoba 1996 na kuingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Kabla hata ya kuutwaa mji mkuu, ulikuwa umekwisha kutia saini mikataba ya madini na kampuni za kigeni. Mapinduzi yaliwekwa rehani kabla ya kushinda.

Kabila alipowaamuru askari wa Rwanda waondoke mwaka 1998, vita vya pili vilizuka mwezi Agosti. Waasi wa RCD, waliosaidiwa na Rwanda, walishika Goma na Bukavu, Uganda ikajikita Ituri, na Zimbabwe, iliyomtetea Kabila, ikapewa maslahi katika migodi. Bei ya madini ya koltani ilipopaa mwaka 2000, RCD-Goma, tawi la waasi hao, iliikabidhi biashara hiyo kampuni moja, SOMIGL, ili ijipatie kodi. Hatari kubwa ilikuwa hapo: kwa wenye bunduki, amani ilimaanisha kupoteza mapato. Wachimbaji na wakulima, waliotozwa kwenye kila kizuizi, hawakuwa na pa kukimbilia.

Makubaliano ya Pretoria ya Desemba 2002 yalileta serikali ya mpito mwaka 2003, lakini makamanda wengi waliingia jeshini pamoja na mitandao yao ya biashara. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo fidia ya vita hivyo ya dola milioni 325, zikiwemo milioni 60 za maliasili.