Sintaksia ya Lugha za Kompyuta na Nafasi ya Kiswahili Kampala: Mtazamo wa Kihistoria

1.0 Utangulizi

Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi huo unaibua swali kuhusu nafasi ya lugha hiyo katika taaluma ya kompyuta. Makala haya yanalijadili swali hilo kupitia historia ya vijenzi vya msingi vya sintaksia ya lugha za kompyuta. Yanashikilia kuwa kazi ya Kiswahili katika uwanja huo si kutafsiri maneno tu, bali kueleza sarufi.

2.0 Chimbuko la Kanuni

Programu hujengwa kwa vijenzi vichache: maneno maalumu yaliyohifadhiwa na lugha, majina anayoyatunga mwandishi, thamani kama vile namba, na alama za matendo. Vijenzi hivyo huunda semi, semi zikaunda kauli, na kauli zikaunda programu, kama vile mofimu zinavyojenga neno, maneno yakajenga kirai, na virai vikajenga sentensi.

Mwaka 1959, katika mkutano wa UNESCO mjini Paris, John Backus aliwasilisha namna ya kueleza muundo huo kwa kanuni fupi. Peter Naur aliiboresha katika ripoti ya lugha ya Algol 60, iliyotoka mwaka 1960. Kila kanuni hutaja kijenzi kimoja na kuonyesha kinaundwa na nini. Kanuni za aina hiyo si ngeni kwa wanaisimu, kwani Noam Chomsky alikuwa amezifafanua katika miaka ya 1950. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika kuwa S huundwa na KN na KT anafanya kazi iyo hiyo.

3.0 Kiingereza Kilivyotangulia

Ukuu wa Kiingereza haukuletwa na mashine. Katika miaka ya 1950, Grace Hopper aliwaonyesha wakuu wa kampuni yake nchini Marekani programu iliyopokea amri za Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Kwa kompyuta, maneno yale yalikuwa mfuatano wa alama tu. Wakuu wale ndio walioshtuka.

Kampala ilipokea taaluma hii kwa lugha ya mkoloni. Gavana Gowers alikuwa amependekeza Kiswahili kipanuliwe nchini miaka ya 1920, lakini Kabaka Daudi Chwa alikipinga. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini mafunzo ya Chuo Kikuu cha Makerere yaliendelea kwa Kiingereza. Hivyo, Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta ilipoanzishwa chuoni hapo mwaka 1985, istilahi zake zilikuwa za Kiingereza. Mwaka 2005 taasisi hiyo ikawa kitivo. Mwaka huohuo marekebisho ya Katiba yakakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mambo hayo mawili yalikwenda sambamba bila kukutana.

4.0 Neno na Mofimu

Nuru, lugha ya kompyuta iliyobuniwa Afrika Mashariki, hutumia maneno kama vile "kama", "sivyo", "wakati" na "rudisha". Uteuzi wa "kama" una funzo. Katika Kiswahili, sharti mara nyingi hukaa ndani ya kitenzi: "akija", "angekuja", "angalikuja". Sintaksia ya kompyuta hudai neno linalosimama peke yake. Tena, "-ki-" hubeba sharti katika "akilima atavuna", na tendo linaloendelea katika "nilimwona akilima". Kompyuta haivumilii utata huo: sharti hupimwa mara moja, ilhali kitanzi hurudiwa maadamu sharti lake ni kweli. Luganda nayo ina "singa", neno linalojitegemea, lakini hutumika hasa kwa jambo la kudhania.

5.0 Hitimisho

Lugha ya Python ina maneno maalumu 35 tu, na mwanafunzi wa Kampala anaweza kuyakariri kwa siku chache. Kinachomchelewesha ni kutambua kijenzi kipi kimo ndani ya kipi. Ufafanuzi wa uhusiano huo ndio ujuzi wa mwalimu wa sarufi. Iwapo utekelezaji wa uamuzi wa 2022 utaishia katika orodha za istilahi, Kiswahili kitabaki mlangoni mwa maabara za kompyuta. Walimu wa sintaksia wakishirikiana na wa kompyuta, kitaingia kikiwa na kazi ya kufanya.