Lugha Iliyobaki Kichwani mwa Uhura: Kiswahili, Mantiki na Ucheshi katika Tamthilia ya Angani

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili hapa Kigali amezoea kuulizwa maswali ya ngeli, ya viambishi na ya tahajia. Makala haya yanaanza na swali la aina nyingine, ambalo mashabiki wa hadithi za kubuni za kisayansi wamelibishania kwa zaidi ya nusu karne. Ofisa wa chombo cha angani anafutwa kumbukumbu zake zote na mashine. Anaketishwa na kufundishwa kusoma upya, neno kwa neno, kama mtoto wa chekechea. Anapokwama katika Kiingereza, kinachomtoka kinywani ni Kiswahili. Je, Kiswahili hicho kimetoka wapi, ikiwa kichwa kimefutwa?

Wengine watasema hayo ni mambo ya kupotezea muda. Sidhani. Ndani ya swali hilo mna historia ya lugha yetu, mna isimu, na mna jambo linalomhusu moja kwa moja mwanafunzi wa Kiswahili wa Rwanda. Tuanze na historia.

Jina lililobadilishwa irabu

Tamthilia tunayoizungumzia ni Star Trek, iliyotungwa na Gene Roddenberry na kuanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Awamu yake ya kwanza ilikoma mwaka 1969 baada ya vipindi 79. Hadithi inatokea katika karne ya 23, ndani ya chombo kiitwacho Enterprise, na msimamizi wa mawasiliano ni Luteni Uhura. Aliigizwa na Nichelle Nichols, Mmarekani Mweusi aliyefariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 89.

Nichols alisimulia mara nyingi asili ya jina hilo. Siku aliyokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1962 na inayohusu Kenya. Neno likawapendeza yeye na Roddenberry, lakini wakaona linafaa kulainishwa ili limfae mwanamke. Hivyo irabu ya mwisho ikabadilishwa, na uhuru ukawa Uhura.

Hapa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kucheka kwa haki. Kiswahili hakitambui jinsia ya kike kwa irabu ya mwisho. Uhuru ni jina la dhahania, lenye kiambishi u- na shina huru lenye asili ya Kiarabu, na wala halina mke wala mume. Ni sawa na kuchukua neno la Kinyarwanda ubwigenge, ambalo nalo limo katika ngeli ya 14 ya wanaisimu wa Kibantu, na kulifanya ubwigenga ili lipate sura ya kike. Kwa sarufi yetu, Uhura si neno. Limekuwa neno kwa sababu mamilioni ya watu wamelipenda.

Hata hivyo, uteuzi wa lugha haukuwa wa bahati nasibu. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Miezi michache baada ya kipindi cha kwanza cha Star Trek, katika jiji lile lile la Los Angeles, Maulana Karenga alianzisha sherehe ya Kwanzaa, ambayo misingi yake saba ina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Februari 1967 Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha. Kwa Wamarekani Weusi wengi wa wakati huo, ambao mababu zao walichukuliwa hasa kutoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, Kiswahili hakikuwa lugha ya babu. Ilikuwa lugha waliyoichagua iwe alama ya Afrika iliyo huru.

Neno lenyewe lilikwenda angani kweli, na kwa irabu zake zote. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Wamarekani waliipa jina Uhuru.

Kiumbe aliyejua Kiswahili

Kiswahili kilisikika katika Star Trek tangu usiku wa kwanza. Katika kipindi kilichofungua tamthilia mwaka 1966, kuna kiumbe anayeishi kwa kufyonza chumvi mwilini mwa watu. Kiumbe huyo hujibadilisha na kuwa mtu ambaye mwathiriwa wake anamfikiria. Anapokutana na Uhura anajitokeza kama mwanamume Mweusi mtanashati, na anamsemesha kwa Kiswahili.

Mashabiki wapenda mantiki hupaswa kukipa kipindi hiki alama nzuri. Kiumbe huyo hakusoma Kiswahili shuleni. Alikichota katika mawazo ya Uhura. Kwa hiyo ubora wa Kiswahili chake hauwezi kuzidi ubora wa Kiswahili cha Uhura mwenyewe, na msikilizaji wa Afrika Mashariki anayenung'unikia matamshi ya kiumbe analazimika kumlaumu Luteni. Huo ndio utamu wa mijadala ya namna hii: ukiufuata msuko kwa uaminifu, unakupeleka mahali mtunzi hakupanga kwenda.

Mashine na kumbukumbu

Kipindi kilichozua swali letu kilionyeshwa tarehe 29 Septemba 1967, kwa mswada wa John Meredyth Lucas. Mashine iitwayo Nomad, iliyotengenezwa duniani na kisha kuharibika angani, inazunguka ikiangamiza chochote inachokiona kuwa na kasoro. Inapomkosea Kapteni Kirk ikidhani ndiye aliyeiunda, inakubali kuingia chomboni. Humo inamsikia Uhura akiimba. Haielewi kuimba ni nini, hivyo inaichunguza akili yake na kuifuta. Fundi Scott anayejaribu kumtetea anauawa, kisha Nomad inamfufua baada ya kuamriwa. Uhura haiwezi kumrejesha: ubongo wake ni mzima, lakini maarifa hayamo.

Daktari McCoy na muuguzi wake wanaamua kumfundisha upya. Baadaye daktari anatoa taarifa kwamba Uhura amefika kiwango cha chuo na atarudi kazini katika muda wa wiki moja. Na kweli, wiki moja baadaye, tarehe 6 Oktoba 1967, watazamaji walimwona katika kipindi kilichofuata akifanya kazi ngumu na ya hatari, bila dalili yoyote ya kupoteza kitu. Tukio lile halikuzungumzwa tena.

Mashabiki hawakuliacha lipite. Star Trek ilikuwa na jarida la mashabiki lililopigwa kwa taipureta tangu mwaka 1967, na kongamano lao kubwa la kwanza lilifanyika New York Januari 1972. Hoja zinazorudi katika mabishano yao zinaweza kupangwa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza linasema huu ni ufa mtupu wa msuko. Mtu haliwezi kulimaliza somo la miaka ishirini kwa wiki moja, na kama angeweza, angekuwa mtu mwingine. Nani angemfundisha sura ya mama yake? Kundi la pili linajibu kwamba Nomad haikufuta maarifa bali ilikata njia ya kuyafikia. Ndiyo maana Kiswahili kilichomoza chenyewe: kilikuwa bado kimo ndani. Kundi la tatu linasema lugha ya utotoni imelala chini zaidi kuliko lugha ya kazini, na mashine haikufika huko.

Msomaji wa isimu ataona kwamba kundi la tatu linarudia hoja ya kale. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alieleza kuwa katika maradhi ya kumbukumbu, yale yaliyoingia mwisho hupotea kwanza, na ya zamani hudumu. Mwaka 1895 Mfaransa mwenzake, daktari Albert Pitres, alipochunguza wajuzi wa lugha nyingi waliopoteza usemi, alitoa kanuni tofauti: lugha inayorudi kwanza ni ile mgonjwa aliyoitumia zaidi kabla ya ugonjwa, hata kama si lugha mama. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa kanuni zote mbili zina mifano mingi inayozipinga, na kwamba mara nyingi lugha zote za mgonjwa hurudi pamoja. Lakini ugomvi wa Ribot na Pitres ndio ugomvi wa mashabiki. Kwa Ribot, Uhura lazima aanze na Kiswahili. Kwa Pitres, ofisa aliyefanya kazi kwa Kiingereza kila siku angeanza na Kiingereza.

Nani ana ruhusa ya kutania?

Mjadala wa pili unahusu ucheshi. Nomad inapolalamika kwamba mawazo ya Uhura yamevurugika, Spock anaieleza kuwa huyo ni mwanamke, na mashine inajibu kwa maana kwamba ndiyo sababu ya mvurugiko huo. Mwaka 1967 huo ulikuwa mzaha wa kuchekesha. Leo wengi wanaona kwamba mwanamke aliyenyang'anywa akili yake amegeuzwa pia kichekesho. Tena, kipindi kinapokwisha, Kirk anaitania mashine iliyojilipua kana kwamba amefiwa na mwanawe aliyekuwa daktari hodari. Kabla ya hapo mashine hiyo imeangamiza mabilioni ya watu na kuua walinzi wa chombo chake mwenyewe.

Watetezi wanasema mabaharia hucheka ili wasilie. Hapa sisi tuna kipimo chetu. Tanzania inajua utani wa makabila, ambapo mtani huruhusiwa kufanya mzaha hata msibani. Rwanda ya kale ilikuwa na ubuse, uhusiano wa utani kati ya koo. Katika desturi zote mbili mzaha juu ya msiba unaruhusiwa, lakini una mwenyewe: si kila mtu ana haki ya kuutoa. Kwa kipimo hicho kosa la Kirk si kucheka. Kosa lake ni kwamba hakuwa mtani wa marehemu, bali alikuwa mkuu wao.

Swali lile lile, Kigali

Mwaka 1967 hakuna mtu aliyeweza kumtazama Uhura kupitia televisheni ya Rwanda, kwani kituo chetu cha taifa kilianza mwaka 1992. Lakini tulinganishe. Mwaka ule ambapo mtunzi wa Los Angeles alikifanya Kiswahili kuwa lugha isiyofutika, Kiswahili cha Kigali kilikuwa na sifa gani?

Kilikuwa mkazi wa zamani wa mji. Kilikuja na wafanyabiashara na askari, kikatumiwa na utawala wa Wajerumani, na kilikuwapo Richard Kandt alipouanzisha mji mwaka 1907. Chini ya Wabelgiji kilikita mizizi Biryogo na Nyamirambo, miongoni mwa Waislamu na wachuuzi. Hata hivyo, nje ya mitaa hiyo neno umuswahili lilibeba maana ya mjanja asiyeaminika. Kwa wengi, kukijua Kiswahili vizuri mno lilikuwa jambo la kutiliwa shaka.

Hali hiyo imebadilika kwa hatua. Baada ya mwaka 1994 walirejea Wanyarwanda wengi waliokulia Tanzania, Kongo, Burundi na Uganda. Mwaka 2007 Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2017 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Sasa hata hadithi za kisayansi zinatengenezwa hapa: filamu Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ilipigwa Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazosemwa na wahusika wake.

Hitimisho

Ninapendekeza walimu walipeleke swali la Uhura darasani kama zoezi la kujenga hoja. Mwanafunzi achague upande, na aruhusiwe kutumia tu yale yaliyomo katika msuko. Kisha aulizwe swali la pili: Nomad ingepita Kigali, kwako wewe ingebaki lugha gani?

Wengi watajibu Kinyarwanda, na Ribot atawaunga mkono. Kwa kanuni yake, Kiswahili kwa mwanafunzi wetu, kikiwa lugha ya tatu au ya nne, kingefutika mapema sana. Lakini Pitres anatuachia mlango. Kwake yeye mpangilio wa kujifunza hauamui kila kitu, na matumizi yana sauti. Mwanafunzi anayekisoma Kiswahili kwa ajili ya mtihani tu amekwisha kuifanyia Nomad nusu ya kazi yake. Anayekitumia sokoni Kimironko, anayebishana na kutania kwacho, anakiweka mahali ambapo mashine ingepata taabu kukifikia.