Belfast 1971: Msako wa upande mmoja ulivyotenganisha majirani

Alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1971, askari jeshi wa Uingereza waliingia kwa nguvu katika nyumba nyingi za Ireland ya Kaskazini. Siku hiyo walikamata watu 342, wakawafunga bila kesi. Waziri mkuu wa jimbo hilo, Brian Faulkner, alitaka kulimaliza kundi la IRA, lililopigana ili jimbo litoke mikononi mwa Uingereza.

Wakaaji walikuwa wamegawanyika tangu zamani. Wakatoliki wengi walitaka kuungana na Jamhuri ya Ireland, Waprotestanti wengi walitaka kubaki chini ya Uingereza. Waprotestanti nao walikuwa na kundi lenye silaha, UVF, lakini siku ile hakuna mfuasi wake aliyeguswa. Tena orodha za majina zilikuwa za zamani: watu zaidi ya 100 waliachiliwa ndani ya siku mbili.

Waprotestanti wengi waliunga mkono msako huo, wakiona kwamba serikali hatimaye inawalinda. Wakatoliki, hata wale waliochukia bunduki, waliona wanaadhibiwa kwa ajili ya kabila na dini yao. Wanawake waligonga mifuniko ya mapipa ya takataka barabarani kuwaonya majirani kwamba askari wanakuja. Maelfu ya familia zilikataa kulipa kodi ya nyumba za serikali. Serikali ikatunga sheria ya kuwakata deni hilo kwenye posho zao.

Raia ndio walioumia zaidi. Katika mtaa wa Ballymurphy, watu 10 waliuawa kwa siku tatu. Ilichukua miaka 50 hadi uchunguzi wa mahakama utamke, mwaka 2021, kwamba wote hawakuwa na kosa lolote.

Karibu watu 7,000 walihama makazi yao siku hizo. Wakatoliki wengi walivuka mpaka na kupokelewa katika kambi za jeshi la Jamhuri. Huko Ardoyne, familia za Waprotestanti zilizokimbia Farringdon Gardens zilichoma nyumba zao wenyewe, ili Wakatoliki wasije wakaishi ndani yake.

Msako haukuzima vita. Vijana wengi waliingia IRA kwa hasira. Tarehe 30 Januari 1972, mjini Derry, askari walipiga risasi na kuua watu 13 katika maandamano ya kupinga vifungo hivyo. Mwaka huo ulikuwa na vifo vingi kuliko mwaka mwingine wowote wa vita hivyo.

Wafuasi wa kwanza wa makundi yenye silaha ya Waprotestanti walifungwa kwa njia hiyo mwaka 1973 tu, wakati imani ya Wakatoliki kwa serikali ilikuwa imekwisha kuvunjika. Vifungo bila kesi vilikomeshwa Desemba 1975, na mkataba wa amani ukasainiwa mwaka 1998. Lakini hadi leo, kuta ndefu zinatenganisha mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti mjini Belfast.